Jibu la Fundi Miwani

Fundi miwani alikuwa na jibu lake tayari tangu Jumatano, wala hakuwa na haraka nalo. Alilala nalo, akaamka nalo, akafungua nalo duka, akasaga vioo na kupima macho ya wazee na watoto, na hakuna hata mmoja aliyemsoma usoni kwamba amebeba kitu. Mwanamume aliyemwuliza swali lenyewe alikuwa ameambiwa asubiri mpaka Jumapili, fainali ikishapita.

"Sitaki uingie majini ukiwa na neno langu kichwani," alimwambia siku alipoulizwa, wamesimama mlangoni mwa duka. "Likiwa zuri litakulewesha, likiwa baya litakuvunja mikono. Nenda kashindane kwanza. Jibu langu halichachi."

Mwanamume akacheka, akakubali. Angefanyaje? Alikwisha kumjua yule mwanamke. Alikuwa na miaka thelathini na moja, duka lake mwenyewe, mashine yake ya kusaga vioo, na tabia ya kusema jambo mara moja tu.

Jumapili ikafika na jua lake. Saa tatu asubuhi fundi miwani alikuwa ameketi kwenye jukwaa la watazamaji, baba yake kushoto, shangazi yake kulia, na mbele yao bwawa refu lililogawanywa njia sita kwa mistari ya maboya. Yalikuwa mashindano ya kimataifa. Bendera za nchi ishirini na kitu zilipepea ukingoni, na nyuma yao watu walikuwa wakishangilia kwa lugha ambazo shangazi alizihesabu kwa vidole mpaka vikamwishia.

Mtu asiyewahi kuhudhuria mashindano ya makasia hudhani ataona mashindano. Mashua huanzia mita elfu mbili kutoka jukwaani, mbali kabisa, na kwa dakika tano za mwanzo mtazamaji anatazama maji matupu na kumsikiliza mtangazaji. Kisha huonekana makocha, wakipita ukingoni juu ya baiskeli, shingo zimegeukia majini, wakipiga kelele bila kutazama waendako. Ukiona baiskeli, jua mashua zimekaribia. Halafu zinatokea, nyembamba kama sindano, na kabla hujajua ni ipi ya nani, zimekwisha kupita.

"Nimeamka alfajiri yote hii kuja kutazama maji," alisema baba baada ya mbio mbili za kwanza.

Kumpata baba pale ilikuwa kazi ya wiki tatu, na binti yake aliona kuwa mzee ana haki ya kulalamika kidogo.

Yule mwanamume walimwita Mlingoti. Jina hilo alipewa na watoto anaowafundisha kuogelea, maana wao, wakiwa ndani ya maji, walikuwa wakiinua vichwa kumtazama na hawaoni mwisho wake. Kufundisha kuogelea ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, na makasia ndiyo yaliyomwamsha kila alfajiri. Miezi kumi na mmoja nyuma aliingia dukani kwa fundi miwani ameinamisha kichwa asigonge mlango, akataka miwani ya jua ya kuzuia mng'ao wa maji.

Kumtengenezea mtu miwani lazima umpime umbali kati ya mboni na mboni, na kwa hilo fundi hukaa uso kwa uso na mteja, rula mkononi, akamwambia atazame ncha ya pua yake. Kwa miaka minane fundi miwani alikuwa amewaambia watu hivyo, na kwa miaka minane watu walikuwa wametazama pua. Mlingoti alitazama macho. Akayatazama, akasahau kuondoka hapo. Kipimo kikakataa. Fundi akarudia mara ya pili, ikakataa. Mara ya tatu akajikuta yeye ndiye aliyesahau kusoma rula, jambo ambalo halikuwa limemtokea hata siku ya mtihani wake wa ufundi.

Baada ya wiki tatu Mlingoti akarudi. Miwani imezama. Akatengenezewa nyingine. Mwezi uliofuata akarudi tena, nayo imezama. Ya tatu fundi aliitoboa vitundu viwili nyuma ya masikio, akaifunga kamba na kipande cha kizibo, akaijaribu ndani ya beseni mbele ya macho yake. "Hii haizami," alimwambia. "Ukitaka kuja tena, njoo na sababu nyingine." Siku mbili baadaye Mlingoti alikuja na sababu nyingine, amevaa shati lililopigwa pasi.

Baba alipopata habari aliuliza kwanza: huyo mtu anafanya nini? Akaelezwa. Akauliza kama ni kweli kwamba mpiga makasia hukaa akiwa ameupa mgongo upande anaoelekea. Akaambiwa ni kweli, ndivyo mchezo ulivyo. Tangu siku hiyo Mlingoti akawa, kinywani mwa mzee, "yule wa kinyumenyume".

"Simwozi binti yangu mtu anayekwenda asikokuona," alisema mezani. Shangazi akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alipokwenda kumposa mkewe alikuwa amepotea njia, akafika nyumba ya jirani. Wakacheka wote, na mambo yakaachwa pale siku hiyo.

Lakini fundi miwani alijua kuwa chini ya mzaha ule kulikuwa na jambo lingine, na usiku wa kuamkia safari, wakikunja nguo, mzee alilitoa mwenyewe. Alikuwa amesimamia karakana ya mabasi miaka thelathini. Mabasi yaliharibika wakati wowote, naye aliitwa wakati wowote, na siku mkewe alipozidiwa akafa, miaka mitano iliyopita, yeye alikuwa amelala chali chini ya basi, taa ya mkono mdomoni.

"Mama yako alikula peke yake miaka ishirini," alisema, akiendelea kukunja shati lilelile lililokwisha kukunjika. "Sasa huyu wako, klabu ya ng'ambo imemwambia akiingia tatu bora wanamchukua miaka miwili. Akishinda, anaondoka. Akishindwa, anabaki na huzuni. Nionyeshe upande mmoja ambao wewe umo."

"Upande wangu ninao mwenyewe, baba," alijibu. "Njoo umwone. Ukishamwona, useme lako, nami nitasema langu."

Hakumwambia mzee kwamba lake limekwisha kuamuliwa. Aliamua siku ya Jumatano, akiwa anasugua kioo, bila mtu yeyote kumshauri. Mlingoti akienda ng'ambo, atamsubiri, akibaki, watabaki. Kwa vyovyote vile duka halihami na yeye habadiliki. Alipolifikiria hivyo aliona jambo lenyewe ni jepesi, akashangaa kwa nini watu huandika barua ndefu za mapenzi.

Fainali ya mashua ya mtu mmoja ilikuwa saa nne na nusu. Mtangazaji alipotaja njia ya tano, na nchi, na jina la Mlingoti alilolitamka vibaya kidogo, shangazi alimshika mpwa wake paja kwa nguvu. Huyu shangazi alikuwa mkunga aliyestaafu, na hakuwa amezoea kukaa mahali ambapo kitu kinatokea bila yeye kusaidia.

Mbio zikaanza huko mbali. Mtangazaji akasema njia ya tano amechelewa kutoka, yuko wa sita. Baada ya mita mia tano, bado wa sita. Baba akakohoa. Mita elfu moja, wa tano. Fundi miwani alikuwa ametulia, mikono magotini. Aliyemwona angedhani anamsubiri mteja aliyeahidi kuja. Mita elfu moja na mia tano, wa tano, lakini aliye mbele yake anachoka.

Kisha baiskeli zikatokea, na nyuma ya baiskeli mashua, na ndani ya njia ya tano mgongo mpana ulioinama na kunyooka, ukainama na kunyooka. Sasa shangazi akasimama. Miaka yake thelathini na minne ya wodini ikampanda kichwani.

"Usisukume bado, mwanangu," alisema kwa sauti ya kazi, ile iliyozoea kusikika juu ya vilio. "Bado. Vuta pumzi. Bado kidogo. Haya, sasa sukuma. Sukuma, usiache, usiache."

Watu wa safu ya mbele wakageuka. Mgeni mmoja mwenye kofia ya bendera asiyejua neno hata moja la lugha ile akaanza kusema naye, "Sukuma, sukuma," na wenzake wakaitikia, mpaka nusu ya safu ikawa inazalisha. Na kule majini, kana kwamba amesikia, Mlingoti akaongeza mapigo. Akampita wa nne. Akamfikia wa tatu. Ncha za mashua zao zikawa sawa, zikapishana, zikawa sawa tena.

Pembe ya waamuzi hulia kila mashua inapokata mstari. Ikalia mara ya kwanza. Ikalia ya pili. Kisha ikalia mara mbili pamoja, karibu kabisa, hata haikujulikana ipi ya nani.

Jukwaa zima likageukia skrini. Waamuzi walikuwa wakiangalia picha. Mlingoti alikuwa amelala juu ya makasia yake, mabega yakipanda na kushuka. Halafu majina yakatokea, na jina lake lilikuwa la nne. Kilichomtenganisha na wa tatu hakikufika muda wa mtu kupepesa jicho.

Shangazi akaketi, akatoa leso. Fundi miwani hakutoa leso. Alikuwa akimtazama mwanamume mmoja tu kwenye bwawa lote, akitaka kuona atafanya nini sasa. Akamwona akiinua kichwa kuisoma skrini, kisha akiisogeza mashua yake pembeni ya ile ya njia ya nne na kumnyooshea mkono aliyemnyang'anya medali. Wakashikana mikono juu ya maji, mashua zikayumba, yule mwingine akasema kitu, Mlingoti akatikisa kichwa kwa kucheka. Ndipo akageuza, akaondoka polepole kuelekea gatini.

Moyo wa fundi miwani ukafanya kitu ambacho hakuwa amekiruhusu siku nzima. Akageuka kumwambia baba yake, "Umemwona?", na kiti cha baba kilikuwa kitupu.

Shangazi akasema mzee aliondoka tu majina yalipotokea, hakuaga. Huenda amekwenda chooni. Huenda amekwenda garini. Fundi miwani akawaza kuwa mzee amepata alichokitaka, amekwenda kuwasha gari. Hilo halikumtisha. Kulikuwa na safari ya saa tatu kurudi nyumbani, muda wa kutosha kusemezana.

Desturi ya siku ile ilikuwa kwamba wachezaji wakishatoka majini huja kwenye uzio kusalimiana na watu wao. Wakaja wa kwanza, wa pili, wa tatu na medali zao. Wakaja wa tano na wa sita. Mlingoti hakuja. Ikapita robo saa, ikapita nusu saa, mbio nyingine mbili zikaanza na kwisha. Fundi miwani akafunga mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" shangazi akamwuliza.

"Kujibu nilichoulizwa."

Uwanja wa mashua ulikuwa nyuma ya jukwaa, na langoni kulikuwa na mlinzi mnene aliyetaka kitambulisho. Hakuwa nacho. Mlinzi akamweleza kwa adabu kwamba hapo wanapita wachezaji, makocha na mafundi peke yao. Fundi miwani akamtazama. Miwani ya mlinzi ilikuwa imekaa upande, jicho moja limepanda, na kwenye pua palikuwa na alama nyekundu ya siku nyingi.

"Mimi ni fundi," akasema. "Nipe hiyo miwani."

Mlinzi, asijue kwa nini anatii, akaivua. Fundi miwani akatoa bisibisi ndogo kwenye mkoba, akakaza skrubu moja, akakunja mkono wa miwani kwa vidole, akafungua nafasi ya pua, akaifuta kwa kitambaa na kumvisha mwenyewe. Mlinzi akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama bango la mbali na kulisoma kwa sauti. Alipomaliza kulisoma, mwanamke alikuwa amekwisha kupita, naye hakuona sababu ya kumfuata.

Ndani kulikuwa na safu za mashua zilizopinduliwa juu ya vigingi, mipira ya maji ardhini, watu wakibeba vyombo vyao begani. Akapita safu ya kwanza na ya pili. Mwishoni mwa ya tatu akamkuta Mlingoti, na akamkuta baba yake.

Mzee alikuwa ameketi juu ya kreti, mikono ya shati imekunjwa, spana mkononi. Jinsi alivyopita langoni binti yake hakuuliza. Mtu aliyesimamia karakana miaka thelathini hutembea mikono nyuma, akitazama vyombo vya watu kwa jicho la lawama, na hakuna mlinzi anayethubutu kumwuliza kitambulisho. Mlingoti alikuwa amepiga magoti kando ya mashua, akiikausha kwa kitambaa. Alikuwa amekwisha kuiosha yote kwa sifongo, ndani na nje, na vyuma vya kushikia makasia vilikuwa vimefunguliwa na kupangwa juu ya turubai, kila kimoja na nati zake.

Baadaye fundi miwani alikuja kuambiwa yaliyotangulia. Mzee alifika, akasimama, hakusalimu. Mlingoti akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akamwomba radhi kwamba hawezi kumpa mkono wenye maji, akaendelea kuosha. Mzee akatazama kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba gurudumu moja la kiti cha mashua, kile kinachoteleza mbele na nyuma, linalia, na kiti kinacholia kinakula nguvu za mtu. Mlingoti akakiri. Mzee akaomba spana. Wakazungumza habari za grisi nusu saa nzima, grisi gani inafaa majini na ipi haifai, na jina la fundi miwani halikutajwa hata mara moja.

Mlingoti alipomwona akasimama. Alikuwa bado na chumvi ya jasho usoni, macho yamekuwa mekundu.

"Nilikuwa nakuja uzioni," alisema.

"Ulikuwa huji."

"Nilikuwa siji," akakubali. Akakisokota kile kitambaa. "Fundi, afadhali niseme mbele ya mzee, asije akadhani ninamficha. Yule mtu wa klabu amenipa mkono, akaniambia nimejitahidi, akaenda kuzungumza na wa tatu. Sina safari. Sina medali. Nina watoto arobaini wa kuwafundisha kuogelea na mashua ambayo si yangu. Wiki iliyopita nilipokuuliza nilikuwa naona kitu mbele. Sasa sioni. Kwa hiyo lile swali, naomba uliache. Nalirudisha mwenyewe. Hutakuwa umenikataa, wala hutakuwa umenikubali kwa huruma."

Baba akatazama spana.

Fundi miwani akamtazama usoni kama anavyotazama kioo kabla ya kukisaga, kujua kimekosea wapi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize. Hilo swali uliniuliza mimi. Tangu siku ile ni langu. Huwezi kuja kulichukua kabla sijalijibu, eti kwa sababu mtu mmoja amekutangulia kwa kupepesa jicho. Mimi na huyo mtu tumejuana wapi? Nani alikwambia nimekaa nasubiri medali? Ningetaka medali ningekwenda kuposwa na wa kwanza, nimemwona pale uzioni, ni mzuri wa sura."

Mlingoti akataka kucheka, ikamshinda, akatazama chini.

"Nitazame," akamwambia.

Akamtazama. Si pua.

"Nilikuwa na jibu tangu Jumatano. Hukuwa umeshinda wala kushindwa Jumatano. Nilikuona unavyowashika watoto videvu wakiogopa maji. Nilikuona unavyofika dukani ukakaa kwenye benchi na wateja, usivuke foleni, na mimi nakuona, na wewe unajua ninakuona. Leo nimekuona ukimpa mkono aliyekushinda. Ndivyo nilivyokuhesabu mimi. Wewe ukijihesabu kwa namna nyingine, ni shauri lako, lakini usinitangazie mimi matokeo yako."

Aliyejibu alikuwa mzee.

"Kijana," alisema, bila kuinua macho, "kesho utaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu alfajiri, mzee."

"Kwenda wapi? Si umeshindwa?"

Fundi miwani aliona wazi kuwa mlango umewekwa mbele ya Mlingoti, na kwamba neno jepesi lingekuwa kusema ataacha, atatafuta kazi ya maana, atatulia. Hakumsaidia. Alitaka kusikia.

"Kwenda majini," alisema Mlingoti. "Siwezi kukudanganya, mzee. Mwaka ujao kuna mashindano kama haya, nami nitakuwepo. Sitaacha. Saa moja natoka majini, saa mbili niko na watoto, saa kumi jioni nimemaliza. Kuanzia hapo ni mtu wa nyumbani. Zaidi ya hapo sina la kuahidi."

"Ungeniambia unaacha," alisema mzee, "ningeondoka hapa sasa hivi na binti yangu." Akainuka kwenye kreti, akajinyoosha kiuno. "Nimefukuza mafundi kumi na wawili katika maisha yangu. Wote walikuwa hodari wa kazi. Niliwafukuza kwa kuacha vyombo vichafu siku mambo yalipowaharibikia. Siku njema kila mtu anafuta spana yake." Akaitazama ile mashua iliyokauka, na nati zilizopangwa. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti yake ikashuka. "Saa kumi jioni, amesema. Nimesikia vizuri?"

"Umesikia vizuri, baba."

"Kwa hiyo mtakula pamoja."

Hapo tu ndipo macho ya fundi miwani yalipojaa maji. Alimshika baba yake bega, akamwambia kwamba chakula cha mchana hula dukani peke yake kila siku na hajafa, ila cha jioni, ndiyo, watakula pamoja, na sahani ya tatu itakuwepo kila mzee atakapotaka kuja. Mzee akasema ataitaka mara nyingi kuliko wanavyodhani. Akamkabidhi Mlingoti spana yake, akiwa ameifuta kwanza.

"Jumamosi njoo nyumbani," akamwambia. "Saa kumi na moja. Na usije na hayo mavazi ya kubana, dada yangu ni mtu mzima."

Akaondoka mikono nyuma, akasimama penye mashua ya pili kutazama kitu, akatikisa kichwa, akaendelea.

Wakabaki wawili. Kule jukwaani vipaza sauti vilikuwa vikiita washindi wa mbio nyingine, na wimbo wa taifa la watu fulani ukaanza kupigwa. Mlingoti alikuwa bado amesimama na kitambaa mkononi, kama mtu aliyeamshwa nyumba ya ugenini.

"Fundi," alisema. "Mzee amesema njoo. Wewe umesema mengi. Lakini lile neno lenyewe hukulisema."

"Sikulisema?"

"Nilikuwa nasikiliza kwa makini sana. Hukulisema."

Akafikiri. Kweli, katika yote yale hakuwa amelisema. Alikuwa amelibeba tangu Jumatano kwa uangalifu mkubwa mno, hata akadhani kila mtu amekwisha kuliona.

"Ndiyo," alisema. "Nakubali. Nilikubali kabla hujaingia majini, ningekubali hata ungefika wa sita, na kama ungepinduka ningekusubiri ukauke kisha nikubali. Imetosha, au nikaliseme kwenye vipaza sauti?"

Mlingoti akanyoosha mikono yote miwili kumshika, akakumbuka, akairudisha. Viganja vilikuwa vimechubuka toka vidoleni hadi karibu na kifundo, ngozi imetoka kwa makasia ya mita elfu mbili.

"Siwezi kukushika," alisema. "Vinauma kama moto."

"Nani amekwambia unishike?" alisema fundi miwani. "Nitakushika mimi."

Akamshika kifundo cha mkono, pale ngozi ilipokuwa nzima, akasikia mapigo ya damu yakienda mbio chini ya vidole vyake. Akangoja kidogo yatulie. Hayakutulia. Basi akaanza kutembea, yeye mbele, akimpitisha katikati ya mashua za watu, kuelekea jukwaani ambako shangazi yake alikuwa bado ameshika leso, hajui lolote.